Kilichokuwa Chini ya Hirizi

Mimi ni mzito. Si mzito wa mwili, maana kwa mwili hata jogoo wa jirani ananizidi. Ni mzito wa kumaliza. Chuoni, wenzangu wakiwa wamekwisha funga misahafu na kukimbilia pwani, mimi bado natazama kama nukta fulani ni ya herufi au ni kinyesi cha nzi. Mwalimu wetu huniambia, "Wewe utahitimu siku ya kiyama, na siku hiyo utamwomba malaika akungoje kidogo." Namjibu, "Inshallah, maalim, na fimbo yako ya henzirani itakuwepo." Henzirani ile ndiyo kitu pekee pale chuoni ambacho hakijapata kuchelewa.

Mama aliona kusoma asubuhi na kuzurura mchana kutaniharibu, akanipeleka kwa fundi wa bunduki, nyuma ya maduka ya Wahindi, niwe nashinda huko baada ya chuo. Sijui kwa nini mtu mwenye mtoto mzito ampeleke kwenye kazi ya haraka kuliko zote hapa Bagamoyo. Msafara ukitaka kwenda bara, wenye magobori hujazana kibarazani kwa fundi kwa wakati mmoja, kama kwamba bunduki zao zilikubaliana kuharibika siku moja. Kila mtu safari yake ni kesho. Kila mtu alikuja wa kwanza.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na sheria moja. Gobori likija, kwanza huzibwa kile kitundu kidogo cha ubavuni kinachopitisha moto, tunachokiita kifa; huzibwa kwa nta. Kisha mtutu hujazwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ukaegeshwa ukutani. Baadaye nje hupanguswa kwa majivu mpaka pakauke kabisa, halafu hupakwa chokaa laini, nyembamba, kama poda. Kisha hungojwa. Mtutu mzima hubaki mweupe. Wenye ufa, hata ufa ambao jicho halioni wala ukucha hausikii, mafuta hutokeza taratibu na kuchora mstari wa kijivu juu ya chokaa, kama mshipa chini ya ngozi ya kizee. Bunduki ya namna hiyo hairudishwi kwa mwenyewe. Siku itakapopasuka, itapasuka kwenye shavu lake.

Kazi hiyo ilinifaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo changu. Nilichuja chokaa, nikachuja tena. Nilipangusa, nikanusa, nikapangusa. Mwenzangu, kijana aliyenizidi umri kidogo na mbio sana, alikuwa akimaliza bunduki huku mimi bado nachagua kitambaa. Akanibandika jina: Kungwi.

"Kungwi!" akaniita mbele ya wateja. "Mwari wako bado hajaiva? Au unamfundisha na kupika?"

"Mwari wangu akiolewa hapasuki," nami nikamjibu. "Wako wanaachwa siku ya fungate."

Watu wakacheka, fundi akakohoa, na kukohoa kwake kulikuwa na maana moja tu: rudini kazini. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na magobori meupe yamesimama safu ukutani. Mwenzangu alisema yanafanana na maharusi. Mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka ule mwezi walipokuja Wadachi na bendera yao, ndipo nikaanza kuona yanafanana na maiti waliokwisha kafiniwa.

Sitaki kueleza mambo ya bendera. Wakubwa wameyaeleza mpaka yamechakaa. Ninachokumbuka ni kwamba mji ulianza kunyamaza. Meli yao ilikaa mbali, kule kwenye maji yenye kina, haiendi wala haiji. Watu wa bara, Wazaramo na Wakwere, walianza kuingia mjini wawili wawili, kila mmoja na bunduki begani, wakakaa chini ya mapaa ya nyumba za watu bila kuomba chochote. Ukiwasalimu wanaitika. Ukipita tena wapo vile vile, wanaangalia upande wa pwani. Banyani wa duka la jirani, ambaye hakufunga mlango hata siku aliyofiwa na mkwewe, alionekana akipigilia mbao madirishani. Alipigilia kwa nyundo yetu. Hakuirudisha, na fundi hakuidai.

Asubuhi moja mwalimu alitoka mlangoni pa chuo, hakutuita ndani. Akasema, "Leo hakuna kusoma. Nendeni kwenu, na msipite pwani."

Maisha yangu yote nimeomba dua ya siku kama ile. Hakuna aliyeshangilia. Tulishika mbao zetu tukaondoka kimya kama watu wazima.

Nilipofika kwa fundi, kibaraza hakionekani kwa watu. Walikuwa wamesimama mpaka njiani, na hawakugombana nani wa kwanza; hilo ndilo lililonitisha. Nikamwamkia fundi, "Shikamoo." Badala ya marahaba akasema, "Leo hakuna chokaa. Safisha, piga mbili, toa."

Kupiga mbili maana yake ni kuipeleka bunduki uani, kuifunga kwenye gogo, kuvuta mtambo kwa kamba ukiwa umejificha, mara mbili, risasi iingie kwenye lundo la mchanga. Ikilia bila kupasuka, ni nzima. Hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wengine wote, na wateja hupenda, kwa sababu mtu akisikia mshindo anaona amepata kitu. Lakini fundi mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba bunduki ni kama mtungi: waweza kuuangusha mara mbili usivunjike, na mara ya tatu ukakuvunjikia kichwani.

"Fundi," nikasema, "na ile ya mafuta...?"

"Sikusema hakuna chokaa?" Hakuniangalia. "Hawa hawaendi safari, mwanangu. Hawa wanakwenda hapo tu."

Hapo tu. Kutoka kibarazani kwetu unasikia mawimbi.

Mwenzangu siku ile alikuwa kama mtu aliyezaliwa kwa ajili yake. Bunduki zilipita mikononi mwake kama samaki wanaotiwa tengani. Uani mlikuwa mkilia mfululizo, mpaka kuku wakaacha kushtuka. Mimi nilisafisha chache mno hata ni aibu kuzitaja.

Kabla ya adhuhuri akaja kaka yangu.

Kaka yangu ni mtu anayetembea kama anayechelewa hata akienda kulala. Tumetoka tumbo moja. Nadhani alichukua haraka yote, akaniachia mabaki. Alikuwa na gobori lake alilolipata Saadani kwa mtu aliyeshuka na msafara kutoka bara, na alilipenda kuliko alivyonipenda mimi, jambo ambalo sikumlaumu. Karibu na kitako, pale mtutu unapokutana na mti, palikuwa na hirizi: ngozi nyeusi, pana kama kiganja, iliyozungushwa mtutu mara kadhaa na kushonwa ikabana. Yule mtu wa Saadani alimwambia: "Risasi ya adui haitakuona maadamu hirizi hii ipo. Usiifungue. Siku itakapofunguliwa, bunduki itapasuka."

Mwenzangu aliipokea, akaipeleka uani. Mshindo. Mshindo wa pili. Akarudi nayo inafuka moshi.

"Nzima, kaka. Inalia kama fahali."

"Nilijua," kaka akasema. Akaiweka pembeni yangu, maana jiwe la mtambo, lile linalotoa cheche, lilikuwa limelegea. "Na wewe Kungwi, kaza jiwe hilo tu. Hilo tu! Nakwenda kula, nikirudi naichukua. Alfajiri tunashuka."

Nilikaza jiwe. Ni kazi ya muda wa kumeza mate. Halafu bunduki ikawa imelala mapajani pangu, nami ninaitazama ile hirizi.

Hakuna mtu anayegusa hirizi ya mwingine. Fundi mwenyewe, bunduki yenye hirizi ikija, aliipaka chokaa akaizunguka kama mtu anavyozunguka kaburi. Mimi pia nilikuwa nikizunguka. Lakini siku ile nilitazama ilipokaa. Baruti hulala pale. Nguvu yote ya bunduki huzaliwa pale pale. Nikajiuliza: kama ningekuwa na gobori bovu na ninataka kuliuza Saadani kwa kijana mwenye haraka, hirizi ningeifunga wapi?

Nikachukua kisu cha ngozi.

Siwezi kusema sikuogopa. Nilisoma Ayatul Kursiyyu, na kwa uzito wangu niliisoma nikarudia, nisije nikawa nimeruka neno. Kisha nikakata uzi mmoja mmoja, nisiharibu ngozi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Sikuisoma, niliiweka juu ya kitambaa safi. Mtutu pale chini uling'aa, mzuri, hauna kitu. Nikaziba kifa kwa nta, nikamimina mafuta, nikaegesha kwenye pembe yangu nyuma ya mlango, ambako fundi hawezi kuona. Nikapangusa. Nikapaka chokaa. Nikangoja, huku uani mishindo ikiendelea na mwenzangu akinipigia kelele, "Kungwi, umekufa?"

Alasiri mstari ulitokea. Mwembamba kwanza, kama unywele ulioanguka. Halafu ukanyooka kufuata mtutu, urefu wa kidole, pale pale hirizi ilipokuwa.

Kwa sababu nina kichwa kibovu, nilitaka kucheka, kwa kuwa nilikuwa sawa.

Kaka aliporudi nilimvuta nyuma ya mlango nikamwonyesha. Kwanza hakuuona ule mstari. Aliiona ngozi, imelala wazi juu ya kitambaa.

"Umeifungua," akasema polepole. Sijapata kumsikia akisema neno polepole.

"Kaka, tazama hapa. Ufa. Ukiipiga, inakuua wewe."

"Umeifungua hirizi yangu."

"Tazama chokaa, basi! Walifunika ufa. Yule mtu wa Saadani..."

"Yule mtu wa Saadani aliniambia ikifunguliwa itapasuka." Akaweka kidole juu ya mstari. Kidole kikatoka na mafuta. "Umeifungua. Imepasuka."

Mwalimu husema nitabishana na Munkari na Nakiri kaburini. Lakini kila nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa ushahidi wake.

"Imelia mara mbili asubuhi," akaendelea, "nzima. Mwenzako amesikia, watu wote wamesikia. Halafu ukaishika wewe." Macho yake yalikuwa na maji. "Alfajiri tunashuka. Nitashuka na nini? Na mwiko wa mama?"

"Usishuke."

Akanitazama kama mtu niliyemtukania mama yetu mmoja. Watu wa mtaa wetu wote walikuwa kwenye kile kibaraza. Hakuna kijana aliyekuwa na njia ya kutoshuka.

"Irudishe," akasema. "Ishone kama ilivyokuwa. Mwalimu wako ataisomea. Ishone sasa hivi, na mimi nimesimama hapa."

Alisimama kweli. Nikamwaga mafuta. Nikafuta chokaa, na mstari ukatoweka kama haukuwahi kuwepo. Mtutu ukang'aa tena. Nikarudisha karatasi na ngozi, nikaanza kushona kwa uzi wa nta. Sijapata kushona polepole vile, na kwangu hilo ni neno kubwa. Nilifumua, nikashona upya. Alihema juu ya kisogo changu. "Maliza." Nikasema uzi umekatika. "Maliza!" Mwishoni mtu alimwita njiani, kaka akageuza kichwa.

Kazi ya mwisho kabla ya kumrudishia mtu bunduki ni kuitoa nta kwenye kifa. Sikuitoa. Nilizungushia sindano kipande cha pamba, nikaisukuma nta ndani, mbali, ikashiba, nikapaka masizi juu. Kwa nje kitundu kilikuwa kitundu.

Akainyakua, akaenda. Hata kwaheri hakuniachia.

Nyumbani mama alikuwa anafunga mikeka. Wanawake wa mtaa walikuwa wakienda Mlingotini kwa shangazi zao na wasio shangazi zao. Akaniuliza, "Bunduki ya kaka yako umeitazama vizuri?"

"Nimeitazama, mama."

"Hapo sawa. Wewe ukitazama kitu nalala usingizi."

Mimi sikulala. Nilimkata kaka yangu meno nikamtuma kwenye fisi. Kama bunduki ingelia, ingemuua. Kwa vile haitalia, wataweza kumuua wengine. Nilipima pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kupima hakukunisaidia kitu.

Alfajiri baragumu lililia, halafu pwani pakaanza. Sitasema sauti ilikuwaje. Mizinga ya meli ilikuwa inafika kwanza miguuni, ndipo masikioni. Watu walikwisha mchukua fundi na mkoba wake awatengenezee huko huko, kwa hiyo tulikuwa wawili dukani, mwenzangu na mimi, na bunduki zilizosalia ukutani. Mwenzangu alikuwa akizungumza bila kukoma, mzaha baada ya mzaha, na mikono yake haikupata pa kukaa.

Kisha wakapita na kitanda. Watu wanne wamekibeba, na mtu juu yake tuliyemjua, mvuvi wa Mbegani, mkono umefungwa shuka na shuka limekuwa zito. Nyuma alikuja kijana aliyebeba gobori lililopasuka mtutu karibu na kitako, ukachanua kama ua la mgomba.

"Halikupigwa na Wadachi," yule kijana akatuambia, kama anayetuomba tumweleze. "Lilikuwa mkononi mwake tu. Lilikuwa mkononi mwake!"

Mwenzangu alilitazama lile gobori. Mti wake ulikuwa na alama ya misumari mitatu. Yeye ndiye aliyeipigilia jana, baada ya kulipiga mbili uani. Mimi nilikuwa na mizaha mingi ya kumrudishia ya siku zote zile, na nilimwona akiingoja. Sikutoa hata mmoja.

Jua lilipokuwa utosini kaka yangu akaingia. Mzima. Nyusi moja imeungua yote, uso mweusi kwa moshi. Niliinuka kumlaki.

"Inawaka nje, ndani haisikii," akasema. Hakusema nami. "Mara nne! Nimepiga nikiwa nimelala mchangani, moto unaniruka usoni, bunduki kimya. Nimeichokonoa kwa mwiba, mwiba umekatikia humo humo. Mwenzangu wa kulia ameanguka. Wa kushoto sijamwona." Akaitua mapajani mwa mwenzangu. "Izibue. Wewe, siyo huyu. Huyu asiiguse. Hirizi yenyewe amekwisha iua. Wanajikusanya tena, baragumu likilia nashuka."

"Kaka..." nikasema.

"Nyamaza."

Mwenzangu akachukua waya mwembamba. Kuzibua kifa kwake ni kazi ya kupiga chafya. Nikamwangalia akichomeka, akizungusha, akivuta. Mwiba ukatoka. Akachomeka tena, na ncha ikaja na kitu cha manjano chenye nyuzi za pamba. Akakileta karibu na jicho. Akakinusa. Nta ya duka letu huchanganywa na ubani kidogo; hakuna nyingine mjini inayonukia vile.

Akaniangalia. Nilijaribu kumwambia kwa macho kila kitu, hirizi, ufa, chokaa, lakini macho yangu nayo ni mazito. Akaishusha ile bunduki, akaipapasa hirizi kwa kidole gumba, taratibu, pande zote, akafika kwenye mshono wangu mpya. Akabaki hapo.

"Vipi?" kaka akauliza. "Imezibuka?"

Mwenzangu akaifinya nta ndani ya kiganja.

"Hii ina kazi," akasema.

"Kazi gani? Wewe huyu huyu wa mbio?"

"Mwiba umeshuka ndani, kaka. Nikiisukuma itaharibika. Lazima ilale na mafuta."

"Mpaka lini?"

"Itakapokuwa tayari."

Kaka akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nilidhani atainyakua. Badala yake akaenda kukaa kibarazani, mgongo umetuelekea, miguu yake inapiga chini bila kupumzika. "Nangoja hapa hapa," akasema. "Siendi popote bila hiyo."

Mwenzangu akaweka sufuria ya mafuta jikoni. Akavuta kikapu cha chokaa, akainama karibu yangu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Unaichuja mara ngapi?" akanong'ona.

"Mpaka isikwaruze ulimini."

Akatia kidole, akaonja, akatema, akaanza kuchuja. Vumbi jeupe lilimpanda mikononi mpaka kwenye viwiko. Pwani palikuwa pametulia, na utulivu ule haukuwa mwema. Hata kunguru hawakuwa juu ya paa. Kisha baragumu likalia, mbali, upande wa kaskazini, na watu wakaanza kupita mbio mbele ya mlango.

"Bado?" kaka akapaza sauti.

"Bado," tukajibu, wote wawili.